Aliyefunga na Aliyedaka



Katika safu hii tumezoea kufanya hesabu za mizani, za mbolea na za mikungu ya ndizi. Mwezi huu tutafanya hesabu za mchezo wa mpira wa kikapu. Tafadhali usigeuze ukurasa. Hata kama hujawahi kuushika mpira huo, huenda mwanao au mjukuu wako anaucheza shuleni. Tena hesabu zake si ngumu. Ukijua kujumlisha na kugawanya, zinakutosha.

Nitaanza na jambo lililotokea hapa kwetu Muleba.

Jioni moja alikuja nyumbani mjukuu wa jirani yangu. Yuko kidato cha tatu. Ni kijana mrefu, akiingia mlangoni huinama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana?"

Akaniambia kwamba shuleni kwao wamechaguliwa wachezaji wa kwenda kushindania nafasi katika timu ya wilaya ya mpira wa kikapu. Yeye hakuchaguliwa. Nikamwuliza sababu.

"Daftari la timu linasema nimefunga pointi nne tu katika michezo mitatu."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, babu. Lakini kazi yangu siyo kufunga. Mimi husimama chini ya pete. Mpira ukikosa kuingia, naudaka na kuwapa wenzangu."

"Umedaka mingapi?"

"Sijui. Hakuna aliyehesabu."

Jibu hilo lilinikaa moyoni, ndugu msomaji. Nililijua. Nyumbani kwangu tuna kibanja cha migomba na kahawa. Mke wangu na watoto hupalilia, hutandaza nyasi, huchuma na kuanika. Kisha mimi hubeba gunia mpaka kwenye chama. Karani huweka gunia kwenye mizani, huandika kilo, na mbele ya kilo huandika jina langu. Karani hakosei. Kilo ni zilezile. Lakini mtu asiyetujua akisoma daftari lile atadhani kahawa yote nimeilima peke yangu. Mwaka mmoja, siku ya malipo, mama watoto alinikumbusha jambo hilo, wala hakunikumbusha kwa upole.

Basi nikamwambia kijana aketi. Nikachukua kalamu. Tukaanza kuchora mistari.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya mchezo. Uliundwa Marekani mwezi Desemba 1891, katika mji wa Springfield. Aliyeuunda alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, mzaliwa wa Kanada, jina lake James Naismith. Kulikuwa na baridi kali na vijana wake hawakuweza kucheza nje. Akachukua vikapu viwili vya kuwekea matunda, akavipigilia juu, kimoja kila upande. Vikapu vilikuwa na matako. Mpira ukiingia, ilibidi mtu apande ngazi kuutoa.

Inasimuliwa kwamba katika mchezo ule wa kwanza mpira uliingia mara moja tu. Daftari la siku hiyo lingetosha mstari mmoja!

Siku hizi kila timu ina watu watano uwanjani. Pete iko juu, mita 3 na sentimita 5 kutoka ardhini. Ukitupa ukiwa karibu na mpira ukaingia, unapata pointi 2. Ukitupa kutoka nyuma ya mstari wa mbali, unapata pointi 3. Mtupo wa adhabu ni pointi 1. Mashindano ya kimataifa huchezwa kwa dakika 40, zilizogawanywa katika robo nne za dakika 10. Mchezaji akifanya makosa matano ya kugusana, hutoka.

Katika dakika hizo 40 timu mbili huweza kufunga pointi 80 kila moja, au zaidi. Ndiyo maana mtu hawezi kukumbuka kwa kichwa. Lazima aandike.

KARATASI INA NINI

Katika mashindano makubwa, hata ya vijana, kuna watu mezani ambao hawaangalii mchezo kwa furaha kama sisi. Wao wanaandika. Mchezo ukiisha hutolewa karatasi. Kila mchezaji ana mstari wake. Majina yamepangwa chini kwa chini, na namba zimepangwa kwenda kulia.

Namba ya kwanza kwa kawaida ni dakika: mchezaji amekaa uwanjani muda gani. Watu wengi huiruka. Usiiruke. Tutairudia.

Kisha kuna mitupo. Utaona imeandikwa, kwa mfano, 4/10. Maana yake ametupa mara 10, ikaingia mara 4. Hiyo ni asilimia 40. Mwingine ana 4/5. Naye ameingiza mara 4, lakini ametupa mara 5 tu. Hiyo ni asilimia 80. Wote wawili wameingiza mara nne. Je, ni sawa? Si sawa. Yule wa kwanza amepoteza nafasi sita za timu, wa pili amepoteza moja.

Kisha kuna ribaundi. Hiyo ndiyo kazi ya mjukuu wetu. Ni mpira uliotupwa, ukagonga pete au ubao, ukarudi, na mtu akaudaka. Ukiudaka upande wa adui, timu yako inapata nafasi ya pili. Ukiudaka upande wenu, unamnyima adui nafasi hiyo.

Kisha kuna asisti. Ni pasi ya mwisho, inayompa mwenzako kikapu. Aliyefunga anaandikiwa pointi, aliyempa anaandikiwa asisti.

Kuna pia mitupo iliyozuiwa, ambayo vijana huiita bloku. Kuna mipira iliyonyang'anywa. Na kuna mipira iliyopotezwa, yaani pasi mbaya au mpira ulioponyoka. Hiyo ya mwisho ni safu ambayo hakuna mchezaji anayeipenda. Kijana wangu alitaka tusiichore. Nikakataa.

KIJANA WA DAR ES SALAAM

Sasa tuone mfano wa kweli. Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA ya Marekani ni Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Urefu wake ni zaidi ya mita 2 na sentimita 20. Alianza mchezo huu akiwa kijana wa miaka kumi na tano hivi. Kisha akaenda Marekani kusoma, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut.

Tarehe 31 Januari 2009 timu ya chuo chake ilicheza na chuo cha Providence. Thabeet alikuwa bado hajatimiza miaka 22. Mstari wake siku ile ulisomeka hivi: pointi 15, ribaundi 11, mitupo aliyoizuia 10.

Tazama namba hizo. Pointi 15 ni nzuri, lakini wapo wengi wanaofunga 15. Ajabu iko katika namba ya tatu. Mara kumi mtu aliinua mikono kutupa, na mara kumi mkono wa kijana wa Dar es Salaam ulikuwa umeshafika. Kama daftari la siku hiyo lingeandika pointi peke yake, ajabu hiyo isingejulikana.

Mchezo mmoja lakini si kipimo. Hata mgomba mmoja huweza kutoa mkungu mkubwa mara moja kwa bahati. Tunatazama msimu mzima. Katika msimu ule wa 2008 hadi 2009 Thabeet alicheza michezo 36, akazuia mitupo 152. Chukua kalamu. Gawanya 152 kwa 36. Unapata 4 na baki 8. Ukiendelea, unapata 4.2. Huo ndio wastani: mitupo 4 na zaidi kidogo kila mchezo. Alikuwa pia na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8.

Mwezi Juni 2009 timu za NBA zilikaa kuchagua vijana. Thabeet alichaguliwa wa pili, na timu ya Memphis. Aliyechaguliwa wa saba mwaka huo ni Stephen Curry, ambaye baadaye sifa zake zilienea dunia nzima. Nchi yetu ilifurahi sana.

Baada ya hapo namba zilishuka. Msimu wake wa kwanza Memphis alikuwa na wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Nimewasikia watu vijiweni, hata pale Bukoba stendi, wakimcheka. "Mtu mrefu vile, pointi tatu!"

Tuwaache wacheke, sisi turudi kwenye ile safu ya kwanza, ya dakika.

Chuoni Thabeet alikaa uwanjani kama dakika 32 kila mchezo. Memphis alikaa dakika 13 hivi. Sasa gawanya. Chuoni, dakika 32 kwa ribaundi 10.8 ni ribaundi moja kila dakika 3. Memphis, dakika 13 kwa ribaundi 3.6 ni ribaundi moja kila dakika 3 na nusu, au zaidi kidogo. Unaona? Kwa macho, 10.8 imekuwa 3.6, yaani imebaki theluthi. Kwa hesabu ya dakika, kazi yake chini ya pete ilipungua kidogo tu.

Lakini tusimwonee huruma kuliko ukweli. Fanya hesabu hiyohiyo kwa pointi. Chuoni alipata pointi moja kila dakika 2 na theluthi hivi. Memphis ilimchukua dakika 4 na zaidi. Hapo alishuka kweli. Kule alikutana na watu wazima, wenye nguvu na wepesi, na kufunga kulimshinda. Dakika zake hazikuongezeka. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na baada ya msimu wa 2013 hadi 2014 hakucheza tena katika ligi ile. Baadaye alicheza Japani na Taiwani.

Mimi nasema waliomcheka walisoma namba moja tu. Na waliosema ameonewa, nao walisoma namba moja tu.

KIJANA WA KAWEMPE

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi wa Kagera. Ukivuka mpaka pale Mutukula, ukaendelea mpaka Kampala, kuna mtaa unaoitwa Kawempe. Hapo alikulia Khaman Maluach. Alizaliwa mwaka 2006 Rumbek, Sudan Kusini, na familia yake ilihamia Uganda akiwa mtoto. Alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 13. Kisha akachukuliwa kwenda kwenye shule ya mchezo huo nchini Senegali.

Mwaka 2023 alikuwa katika timu ya taifa ya Sudan Kusini kwenye Kombe la Dunia. Alikuwa na miaka 16. Mwaka 2024 alikwenda Paris kwenye Michezo ya Olimpiki akiwa na miaka 17. Wenzake wa umri huo hapa kwetu wako kidato cha tatu au cha nne.

Baada ya Olimpiki alisoma mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Wastani wake ulikuwa pointi 8.6 na ribaundi 6.6, kwa dakika 21 hivi kila mchezo. Pointi 8.6 si nyingi. Katika timu yake walikuwapo waliofunga zaidi. Hata hivyo, mwezi Juni 2025, vijana walipochaguliwa kwenda NBA, yeye alikuwa wa kumi, akaenda timu ya Phoenix.

Je, waliomchagua hawajui kusoma? Wanajua sana. Wanasoma safu ya mitupo. Katika kila mitupo 100 aliyotupa ndani ya mchezo, 71 iliingia. Mchezaji akiingiza 50 katika 100 husifiwa. Maluach hakutupa hovyo. Alingoja mpaka awe karibu na pete. Na wanasoma jambo ambalo halimo katika safu yoyote: kwamba adui akiona mtu wa urefu ule amesimama chini ya pete, mara nyingi hageuki tena kwenda huko. Mtupo usiotupwa kwa kuogopa hauna mahali pa kuandikwa. Huo ni upungufu wa karatasi, na hata wataalamu wanaukubali.

Msomaji mmoja ataniuliza: kudaka mpira mmoja kuna thamani gani? Nitamjibu kwa mchezo wa tarehe 20 Julai 2024. Kabla ya Olimpiki, Sudan Kusini walicheza na Marekani mjini London, mchezo wa kirafiki. Sudan Kusini ni nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 tu. Marekani ndio wenye mchezo. Mpaka mapumziko Sudan Kusini walikuwa wakiongoza, 58 kwa 42. Mwisho Marekani walishinda. Walishinda 101 kwa 100.

Pointi moja, ndugu msomaji. Fikiri ni mipira mingapi ilidondoka kutoka kwenye pete usiku ule. Kama mmoja tu uliodakwa na Marekani ungedakwa na Sudan Kusini, pengine dunia ingesoma habari nyingine asubuhi.

DAFTARI LETU

Sasa nirudi Muleba.

Mimi na kijana tulichukua daftari kubwa, tukapiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza majina. Kisha dakika. Kisha mitupo iliyotupwa, mitupo iliyoingia, ribaundi, asisti, mipira iliyozuiwa, mipira iliyopotea, makosa. Tuliamua kuandika kwa vijiti, kama karani anavyohesabu mikungu ikipakiwa kwenye lori: vijiti vinne vya kusimama, na cha tano kinavikata. Mchezo ukiisha unahesabu mafungu ya tano tano.

Lakini nani ataandika? Mchezaji hawezi. Mimi macho yangu hayafuati tena mpira unaokwenda kasi. Dada yake kijana, aliye kidato cha kwanza, alikuwa akimenya ndizi akitusikiliza. Akasema, "Mimi naweza." Kaka yake akacheka. Nikamwambia kaka yake anyamaze.

Mchezo uliofuata nilikwenda mwenyewe. Uwanja ni wa udongo. Nguzo ni za mkaratusi na pete zimechomelewa na fundi wa pale pale senta. Binti alikaa kwenye jiwe, daftari mapajani, saa ya kaka yake mkononi. Mwanzo alichanganyikiwa. Ribaundi mbili aliziandika kwa mtu mwingine, akafuta. Baada ya robo ya kwanza mkono wake ulizoea. Nikaona kwamba hakushangilia hata mara moja. Alikuwa kazini.

Mchezo ulipokwisha tulihesabu pamoja. Kijana alikuwa na pointi 2. Zilezile ambazo lile daftari la zamani lingeandika. Ribaundi zilikuwa 13. Hakuna mwingine katika timu zote mbili aliyefika 7.

Tulimpelekea mwalimu wa michezo. Nilimwamkia kwa heshima, kwa kuwa kazi ni yake, si yangu. Alilishika daftari, akalisoma muda mrefu. Alikwenda na kidole, safu kwa safu, kama mtu anayesoma deni. Alipofika kwenye 13 akatikisa kichwa, akasema hakujua. Kisha kidole kikaendelea kulia, kikasimama kwenye safu ya mipira iliyopotea. Hapo kijana alikuwa na vijiti 6.

"Anadaka vizuri," mwalimu akasema. "Lakini karibu nusu ya anayoidaka anairudisha kwa adui."

Kijana akanitazama. Ile ni safu aliyotaka tusiichore.

Mwalimu hakubadili orodha. Ilikuwa imekwisha kupelekwa. Alimwambia kijana aje uwanjani kila Jumamosi saa mbili asubuhi kujifunza kutoa pasi. Kisha akamgeukia binti, akamwuliza kama daftari lina kurasa za kutosha kwa timu nzima mpaka mwisho wa muhula. Binti akasema zipo, ila kalamu imekwisha. Mwalimu akatoa yake mfukoni.

ZOEZI

Mchezaji A amecheza dakika 30 na kupata ribaundi 6. Mchezaji B amecheza dakika 12 na kupata ribaundi 4. A ametupa mara 15, ikaingia 6. B ametupa mara 4, ikaingia 3. Nani anadaka zaidi kwa dakika? Asilimia ya mitupo ya kila mmoja ni ngapi? Fanyeni katika madaftari yenu, mkisaidiana nyumbani. Kama kuna binti au kijana wa shule, mwacheni aanze yeye.